Barua ya wazi kwa wenye mitandao: barazani watu hutazamana

Tanga

Kwenu wakubwa mnaoendesha Facebook, WhatsApp, Instagram, TikTok na mingineyo,

Salaam. Mimi ni katibu wa kundi la ukoo wetu la WhatsApp. Cheo hiki hakina mshahara wala posho. Nilikipata kwa sababu nilikuwa wa kwanza nyumbani kununua simu janja, na tangu siku hiyo kila anayezaliwa, anayeposwa, anayelazwa na anayefariki habari zake hupitia mkononi mwangu. Tuko watu 93. Wengi wako hapa Tanga, Muheza na Pangani, wengine Mombasa na Dar es Salaam, wachache Muscat, na mmoja yuko Minneapolis anaendesha lori. Huyo kila Desemba hututumia picha za theluji, kana kwamba za mwaka jana hatukuziamini.

Serikali zinazopandisha bei za bando na kuzima intaneti wakati wa uchaguzi zimekwishaandikiwa na watu wengi, tena wenye kalamu kali kuliko yangu. Langu linawahusu nyinyi mnaoamua nikifungua simu nione nini kwanza. Huku kwetu hakupiti kikao, kiwe cha harusi au cha kijiweni, bila mtu kuuliza: hivi hii mitandao inatuunganisha au inatufarakanisha? Sheikh anauliza kwenye hotuba ya Ijumaa, kisha hotuba yenyewe inarushwa Facebook moja kwa moja. Nimechoka na swali hilo lilivyo, kwa sababu linaulizwa kama vile mtandao ni mvua, unanyesha tu wenyewe. Mtandao umejengwa. Waliojenga mko hai na mnalipwa vizuri. Ndiyo maana nawaandikia.

Niwaeleze kwanza kuhusu baraza, maana sidhani kama huko Menlo Park, Marekani, kwenye makao makuu ya Facebook, mnalo. Nyumba zetu za pwani zina kibaraza mbele ya mlango, cha udongo au cha saruji, kinachotokeza njiani. Mwenye nyumba hukaa, na mpita njia akitaka naye hukaa. Muuza kahawa anapita na birika lake, vikombe vinagonga mkononi, kashata zipo, bao linachezwa. Lakini si kahawa inayolifanya baraza liwe baraza, ni kutazamana. Usipoonekana siku mbili, mtu atauliza, fulani yuko wapi? Siku ya tatu utasikia hodi. Na ukitoa neno la ovyo kuna mzee atakohoa, hatasema kitu, atakohoa tu, nawe utajua. Sinema ni jambo jingine. Siisemi vibaya, mimi nimekulia kwenye picha za Kihindi na nyimbo zake hadi leo naziimba bila kujua maana. Ila ndani ya sinema wote tunatazama mbele na taa zimezimwa. Wa kiti cha pili akiinuka kutoka analia, huna habari.

Shauri langu nanyi ni hilo. Mlitukaribisha barazani, tulipokwisha kukaa mkazima taa.

Kabla sijalifikisha huko niwape haki yenu. Bibi yetu ana miaka 80 na ushee. Msahafu anausoma bila miwani, lakini herufi za Kizungu hazijui na hana mpango wa kuzijua. Binti yake, yaani shangazi yangu, ameolewa Muscat. Kule simu za WhatsApp kwa miaka mingi zimekuwa zikizuiwa, na kupiga simu ya kawaida kwenda Oman ni kulitazama salio likiyeyuka kama barafu. Kwa hiyo mama na mwana wamebaki na kile kitufe cha maikrofoni mlichotuwekea mwaka 2013. Wanatumiana voisi.

Tatizo ni kwamba Bibi hajakubali kuwa ile si simu. Namshikia, nabonyeza, anaanza: "Hujambo mwanangu?" Kisha ananyamaza. Ananyamaza sekunde nne, tano, macho ukutani, muda ule ule wa mtu kujibu sijambo mama, shikamoo. Halafu anaitika: "Marahaba. Watoto hawajambo?" Kimya tena. "Alhamdulillahi." Mwanzoni nilikuwa namhimiza, Bibi usinyamaze, sema yote kwa mpigo. Ananitazama kama mtu asiye na adabu.

Mwaka ambao shangazi alikuja likizo nilimhadithia jambo hili nikitegemea tutacheka wote. Hakucheka. Akaniambia vile vikimya ndivyo anavyovingojea. Akiwa jikoni kwake huweka simu kwenye spika juu ya friji, anakata vitunguu, na Bibi akiuliza na kunyamaza, yeye hujibu. "Sijambo mama. Shikamoo." Na sauti ya mama yake inaitika marahaba pale pale panapotakiwa. Tangu siku hiyo Bibi akinyamaza, na mimi nanyamaza, na kuku wa uani wakipita wakilia nawaacha waingie kwenye voisi.

Kwa hiyo mtu asije kuniambia mitandao haiunganishi watu.

Mnakumbuka Jumatatu ile ya tarehe 4 Oktoba 2021. Kwa saa zetu ilikuwa kama saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, watu tumetoka kuswali magharibi, Facebook, WhatsApp na Instagram vikazimika dunia nzima. Baadaye wahandisi wenu walieleza kwamba amri moja iliyokosewa wakati wa matengenezo ilikata njia baina ya vituo vyenu vya data, ikawa kompyuta za dunia haziwajui tena mlipo. Mimi nilidhani bando langu limekata. Nikaenda dukani kununua jingine, nikakuta foleni, na kila aliyekuwa kwenye foleni alidhani ni lake peke yake lililokata. Kama saa tatu usiku mjomba akapiga simu ya kawaida, jambo ambalo hakulifanya tangu Idi. "Mpo salama huko? Kundi limekufa." Hakuwa na habari yoyote ya kutupa. Alitaka kusikia kwamba tupo. Mambo yaliporudi, karibu saa saba usiku, kundi lilijaa watu wakiulizana hali kama waliotoka kwenye ajali ya basi. Kesho yake nilisoma mahali mtu akisifu usiku ule, eti familia zilirudi kuzungumza. Huenda kwao. Mimi niliona ukoo wangu wote, kutoka Pangani mpaka Minneapolis, umening'inia kwenye msumari mmoja, na msumari wenyewe si wetu.

Sasa nije kwenye taa.

Mwaka 2017 Facebook ilitangaza upya kazi yake duniani: kuwapa watu uwezo wa kujenga jumuiya na kuisogeza dunia karibu. Maneno mazuri, yangefaa khanga. Mwaka 2020 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ikaishtaki kampuni hiyo, ambayo siku hizi inaitwa Meta, kwamba ilinunua Instagram mwaka 2012 kwa dola bilioni 1 na WhatsApp mwaka 2014 kwa dola bilioni 19 ili ibaki peke yake katika biashara ya kuwakutanisha ndugu na marafiki. Kesi ikaanza kusikilizwa Aprili 2025. Na utetezi ulikuwaje? Kwamba biashara hiyo ya ndugu na marafiki imekwisha kuwa kijisehemu tu. Zikatolewa hesabu: kwenye Facebook, katika muda wote ambao mtu anautumia humo, ni asilimia 17 tu unaokwenda kwenye mambo ya marafiki zake. Instagram ni asilimia 7. Uliobaki ni video za watu usiowajua, zimechaguliwa na mashine, sawasawa na TikTok, sawasawa na YouTube. Tarehe 18 Novemba 2025 Jaji James Boasberg akawapa ushindi.

Mawakili wenu hawakula pesa ya bure. Lakini mimi zile asilimia nilizisoma kama mke anayefua shati la mumewe akakuta risiti mfukoni. Miaka yote nimekuwa nikijiambia, labda ni mimi tu, labda watu wangu wameacha kuandika. Kumbe mnajua. Mnajua, mmepima, na mmekwenda kujitetea nayo mahakamani.

Rafiki yangu niliyesoma naye sekondari alilazwa wiki tatu mwaka juzi. Mtandao husika siutaji, maana ungeweza kuwa wowote kati ya mitatu niliyo nayo. Siku ya kwanza tu aliandika kwamba amelazwa na anaomba dua. Sikuona. Ningeapa kwamba siku zile sikuingia, ila simu inahesabu saa na ilinisuta: niliingia kila siku, na jioni nilikaa sana. Nilichokitazama nakikumbuka vizuri mno. Kulikuwa na bwana mmoja, wa nchi gani sijui, anafua mazulia yaliyotoka kwenye mafuriko. Anamwaga sabuni, anapitisha brashi ya mashine, maji yanatoka meusi, kisha kahawia, kisha meupe, na mwisho maua ya zulia yanajitokeza, mekundu. Ni kitu kitamu kutazama, sikatai. Nilipokwenda kumwona rafiki yangu alikuwa amekwisha kurudi nyumbani, shingo imekuwa nyembamba, akaniuliza bila ukali: "Hukuona nilivyoandika?" Nikasema sikuona. Akatikisa kichwa, akanimiminia chai. Hakuniamini, na mimi ningekuwa yeye nisingeniamini. Siku hiyo sikuthubutu kumwambia kuhusu mazulia.

Wasomi nao wamelipima jambo hili. Mwaka 2018, kabla ya uchaguzi wa wabunge wa Marekani, watafiti waliwalipa watu wafunge akaunti zao za Facebook kwa wiki nne. Waliofunga walijipatia kama saa moja kila siku, sehemu ya saa hiyo wakakaa na ndugu na marafiki, na walipoulizwa wakasema moyo una nafuu kidogo. Wanaoichukia mitandao huishia hapo. Lakini Julai 2019 jaribio la namna hiyo lilifanywa Bosnia na Herzegovina, wiki ya kukumbuka mauaji ya halaiki ya Waislamu wa Bosnia huko Srebrenica mwaka 1995, na matokeo yakaja kinyume. Waliofunga Facebook walitoka na mtazamo mbaya zaidi juu ya watu wa kabila jingine kuliko waliobaki humo, hasa wale wanaoishi mahali ambapo majirani wote ni wa kabila lao. Nje ya simu hawakukuta wengine wa kuzungumza nao. Walikuta wenzao wale wale wenye hadithi ile ile.

Nimezifikiria tafiti hizi mbili kwa muda, na sioni kama zinapingana. Kila mtu alirudi kwenye baraza alilonalo nje. Wa Marekani alirudi akakuta ndugu zake. Wa Bosnia alirudi akakuta baraza la upande mmoja. Kwa shangazi yangu Muscat, ukimfungia WhatsApp hatarudi kwenye baraza lolote, maana baraza lake liko Tanga juu ya friji. Ndiyo maana wanaosema "funga mitandao" siwaungi mkono, na nyinyi mnaosema "watu wenyewe ndio wanaochagua" siwaungi mkono vilevile. Mazulia sikuyachagua. Niliyakuta yamekwisha kuwekwa pale ambapo rafiki yangu angekuwa.

Na laiti ingekuwa mazulia tu. Nyaraka alizozitoa Frances Haugen mwaka 2021 alipoondoka kwenye kampuni zilionyesha kwamba kuanzia 2017 mashine ya Facebook ilizipa alama za hisia, na uso wa hasira ukiwa mmojawapo, uzito mara tano wa kidole gumba cha kupenda. Uzito wa hasira ulipunguzwa hatua kwa hatua, na Septemba 2020 ndipo ulipofanywa sifuri. Hebu lipelekeni hilo barazani. Aliyekunja uso anamiminiwa vikombe vitano vya kahawa, aliyetabasamu kimoja. Jirani gani asingejifunza kukunja uso?

Novemba 2021 Profesa Meareg Amare, mwalimu wa kemia wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar nchini Ethiopia, alipigwa risasi nje ya nyumba yake akafa, baada ya posti za Facebook kumtaja jina na kumzulia mambo kwa sababu ya kabila lake. Mwanawe Abrham anasema aliziripoti na hazikuondolewa kwa wakati. Desemba 2022 alifungua kesi Nairobi, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikasema ina mamlaka ya kuisikiliza. Kwa nini Nairobi? Kwa sababu wale wazee wa kukohoa mlikuwa mmewaweka huko: vijana walioajiriwa na kampuni ya kati, kutwa nzima wakitazama maiti na mateso katika lugha zetu za upande huu wa Afrika ili sisi tusivione. Nao zaidi ya 180 walikwenda mahakamani mwaka 2023 kudai haki zao, wengi wakisema kazi ile imewaharibu akili. Mzee wa baraza hakohoi kwa mkataba. Hukohoa kwa sababu ni kwake pale, na anawajua.

Msije mkadhani nawatupia nyinyi kila kitu. Nina langu, na kulificha itakuwa unafiki.

Miaka mitano iliyopita ukoo wetu uligombana juu ya nyumba ya marehemu babu. Binamu yangu wa Pangani aliandika kwenye kundi maneno mazito usiku, mimi nikiwa nimechoka, na mjomba mmoja akaniandikia pembeni: "Katibu, huyu unamwacha?" Nikamtoa. Ni kubonyeza mara mbili. Kikatokea kile kimstari kidogo cha kijivu, umemwondoa fulani, na kundi likawa baridi, watu wakatuma picha za maua za asubuhi njema kama kawaida. Niliona nimefanya kazi ya ukatibu.

Miezi minne baadaye mjomba mwingine, ndugu wa tumbo moja na mama wa binamu huyo, akafariki. Nikaandika tanzia kwenye kundi saa kumi na moja alfajiri. Inna lillahi zikamiminika, nilizihesabu baadaye, zilifika 61, nyingi zimenakiliwa ile ya kwanza pamoja na kosa lake la herufi. Kaburini tulikuwa watu wa ukoo kumi na mmoja. Binamu hakuwapo. Alijua msiba wa mjomba wake jioni, tumekwisha kuzika, kwa kuona status ya mtu aliyesoma naye ambaye si ndugu. Hakuna aliyempigia. Kila mmoja wetu, nami nikiwa wa kwanza, aliamini kwamba kikiandikwa kwenye kundi, ukoo umeambiwa.

Kumrudisha ningeweza kwa kubonyeza vilevile. Nilipanda basi la Pangani. Nilimkuta kibarazani kwake anashona wavu, nikamsalimu, akaitika bila kuinua macho. Nilikaa. Hakunifukuza wala hakunikaribisha. Alishona, nami nikashika upande wa pili wa wavu kwa sababu mikono yangu haikuwa na kazi nyingine, na tukakaa hivyo hadi adhuhuri, hata akaita ndani waniletee maji. Maneno tuliyosema yalikuja baadaye na hayakuwa mengi. Kwenye kundi amerudi, lakini ameweka kimya arifa zote. Sasa kukiwa na jambo, baada ya kuandika kwenye kundi ninapiga simu kumi na mbili za kawaida, nina orodha, na yeye ni wa kwanza.

Nimelisimulia hili ili mjue kwamba ninayowaomba sijayatoa hewani.

Ukurasa unaofunguka kwanza uwe wa watu ninaowajua, kwa mpangilio wa saa walizoandika, mpaka watakapokwisha. Wakiisha, nileteeni mazulia. Najua mwaka 2022 Facebook iliweka ukurasa wa pembeni wa namna hiyo. Niliutafuta nikaupata, na kesho yake nilipofungua nikarudishwa kwenye ule wa mashine. Ni sawa na kumwambia mgeni baraza lipo, ila upitie uani, uruke ukuta, tena kila siku.

WhatsApp iacheni. Naomba hili kwa msisitizo, maana ndiko ukoo ulikojificha baada ya Facebook kuwa sinema, na ninawaona mnatufuata na mabenchi. Waanzilishi wake, Jan Koum na Brian Acton, walikuwa na kikaratasi mezani kinachosema hakuna matangazo, hakuna michezo, hakuna vikorokoro. Wote wawili wamekwisha kuondoka, na Juni 2025 mkatangaza kwamba matangazo yataingia upande wa status. Mwaka 2022 mkapandisha ukubwa wa kundi hadi watu 1,024. Mimi wa 93 wananishinda. Mtu 1,024 anawatazama usoni vipi? Huo ni mkutano wa hadhara. Mkitaka kunisaidia kama katibu, nipeni njia ya kumpumzisha mtu asiandike siku tatu bila kumtoa nje ya ukoo. Laiti ningekuwa nayo usiku ule.

Tena kukwamisha kidogo mnakuweza. Januari 2019 mlipunguza kufowadi kukawa mwisho sehemu tano kwa mara moja, na Aprili 2020, wakati wa korona, ujumbe uliokwisha kuzunguka sana mkauruhusu kwenda sehemu moja tu kwa wakati. Wenyewe mlisema ujumbe wa namna hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Kwenye kundi letu dawa za kujifukiza zilipungua kwa wiki moja, nami nilipumzika kweli. Nani alilalamika? Shangazi hakulalamika. Bibi hakujua.

Na wawekeni watu wa kuangalia Kiswahili. Waajirini wenyewe, muwape mshahara unaoeleweka, daktari wa akili, na sauti. Kiswahili kinasemwa kuanzia Lamu hadi Kisangani, na tusi la Mombasa linaweza kuwa utani Lubumbashi. Mashine haitajua, na hata mtu mmoja wa Dar es Salaam hatayajua yote. Ajirini wengi, wa sehemu mbalimbali.

Nilikuwa na mengine, juu ya watoto na zile video fupi za usiku, lakini mimi watoto wangu ni wadogo bado na sipendi kusemea nisiyoyalea. Walimu watawaandikia.

Mkitaka kunijibu, andikeni kwa lugha yoyote, nitatafuta wa kunisomea. Mkijibu kwa Kiswahili itakuwa vizuri zaidi, kwa sababu Bibi ameketi hapa pembeni tangu nianze na ameuliza mara mbili ninamwandikia nani kwa muda mrefu hivi. Nimemwambia ni wenye ile simu ya shangazi. Amenyoosha mkono, anataka nibonyeze, awasalimu mwenyewe. Nimemweleza kwamba hamtasikia. Amesema nibonyeze tu.

Wenu,
Katibu wa kundi la ukoo
Tanga